Siku Baba Alisalimia Ng'ombe kwa Redio

Nimechumbiwa! Wacha niseme hiyo kwanza ndio nipumue. Hillary aliniuliza jana hapa Kitengela, kwa ile hoteli ya chapati nyuma ya stage, na nikasema ndio hata kabla amalize swali. Tangu hapo ananitumia SMS za "nakupenda" mpaka simu imejaa, nafuta zingine ndio zingine ziingie. Nikaonyesha Yeyo, mama yangu. Akacheka.

"Huyu wako anaongea bure bure hivi? Baba yako, hata jina langu nililing'oa kwake kama jino."

Na ni ukweli, mimi nilikuwa hapo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Tulikaa nje kidogo ya Kajiado mjini, na Baba alikuwa watchman wa yadi ya mawe huku Kitengela, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Simu za mkono hazikuwa. Kulikuwa na kadi za salamu. Mnazikumbuka? Unanunua kadi dukani, unajaza majina ya watu unawasalimia, unaituma, halafu mnakaa kando ya redio alasiri mkingoja mtangazaji aisome. Aki ilikuwa raha! Kuna watu walijulikana Kenya mzima kwa kusalimia tu.

Sasa jirani yetu Phylis alikuwa na bwana wa kuendesha lori, na huyo bwana alimsalimia karibu kila wiki. "Mpenzi wangu Phylis, ua la moyo wangu." Phylis akisikia hivyo anaongeza sauti, eti mbuzi nazo zisikie.

Yeyo alitaka mara moja tu. Mara moja! Akamwambia Baba, Baba akanywa chai yake, akaenda kazi. Baadaye akatuma neno na mtu wa soko: kadi imeenda, sikilizeni.

Yeyo akavaa shanga za sherehe. Za kusikiliza redio! Phylis akaja na kiti yake. Mtangazaji akaanza: Kuntai, ndio Baba huyo, akiwa Kitengela anawasalimia Ouko wa yadi ya mawe, Abdishakur mwenye duka, ndugu zake wa Kimana wanaopanda vitunguu, na mwisho kabisa, Nado wa Kajiado. Ujumbe wake, kaeni salama, mvua iko karibu.

Basi. Akaenda kwa kadi ingine.

Nado alikuwa ng'ombe wetu.

Phylis alicheka mpaka akashuka kwa kiti akakaa chini. "Wuui, Ng'oto Naeku! Bwana yako amekuacha, akasalimia ng'ombe!"

Ng'oto Naeku ndio mama Naeku. Naeku ni mimi. Yeyo pia alicheka, lakini ilikuwa meno tu. Ile wiki yote, akienda mferejini kuchota maji, wanawake wanamwuliza, "Nado hajambo? Amefurahia salamu?" Anajibu hajambo, anajitwika mtungi, anarudi bila kupiga story na mtu.

Mwisho wa mwezi Baba akafika, amejaa vumbi na furaha.

"Takwenya," akamsalimia.

"Iko," Yeyo akajibu, bila kugeuka. Akamwekea kikombe. Turungi, nyeusi kama lami. Kwa boma ya Mmaasai, jamani!

Baba akaangalia hiyo chai, akaniangalia mimi, akaangalia chai tena. "Ng'oto Naeku, maziwa iko wapi?"

"Uliza yule ulisalimia."

Nikajua leo ni leo. Nikajifanya nafunga kiatu, na sikuwa na kiatu.

"Sasa ulitaka nifanye aje?" Baba akasema. "Nitupe jina lako kwa redio, kila mlevi kwa kila baa alisikie?" Kwa wazee wa rika yake, hiyo haikuwa heshima. Mke ni mama wa fulani, jina lake halizungushwi ovyo. "Nado ni wa nani?"

"Wangu."

"Na nani alikupa?"

Yeyo akachukua sufuria, akaanza kuisugua.

"Ile siku ya kuletwa hapa bibi harusi, si ulisimama kwa lango ukakataa kuingia? Wazee wakakuahidi kondoo, ukakataa. Wakaongeza mbuzi, ukakataa. Watu wameanza kusinzia. Mimi ndio nilisema mpeni yule ndama mwekundu, na mguu wako ukaingia." Akashusha sauti. "Nikisema Nado, kuna mtu mwingine nasema?"

Mimi hapo niliyeyuka. Nikafikiri na Yeyo ameyeyuka.

"Hiyo tunaijua wewe na mimi," akasema. "Mferejini hawaijui. Mimi nataka jina, Menye Naeku. Lile baba yangu alinipa." Menye Naeku ndio baba Naeku.

Baba alijipangusa uso na shuka. Keshoye akarudi Kitengela.

Yeyo akatangaza kwamba hataki tena mambo ya redio. Lakini kila alasiri kazi yake inamleta hapo hapo kando ya redio. Maharagwe yalichaguliwa mawe mpaka yakang'aa! Phylis alikuwa anakuja kutazama, ananikonyeza.

Halafu siku moja, "Kuntai akiwa Kitengela..." Sinia ya Yeyo ikasimama.

"...anamsalimia Naipanoi wa Kajiado. Pia anamsalimia Naipanoi wa Kajiado. Na..." Mtangazaji akakohoa. "Na Naipanoi wa Kajiado."

"Hao ni akina Naipanoi wangapi?" Phylis akauliza.

Kadi ilikuwa na mistari mingi ya majina, na Baba alikuwa amejaza yote na jina moja, lile la Yeyo. Yeyo alijifunika uso na leso, mabega yakitetemeka, sijui ni kulia, sijui ni kucheka.

"Wasikilizaji," mtangazaji akasema, kicheko kimemshika, "waliobaki wote ni Naipanoi, kwa hivyo tuendelee na kadi ya..."

Leso ikaanguka. Maharagwe yakamwagika chini yote.

"Hapana! Asiache! Phylis, mwambie asome!"

Na Phylis, huyo huyo Phylis, akashika redio na mikono mbili akaipigia kelele: "Wewe! Rudi hapo! Soma mama wa watu mpaka aishe!"