Vijiko Vinne vya Sukari

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu alitengeneza makochi. Mkewe walimwita Mama Vitambaa, kwa sababu makochi hayo ni yeye aliyeyavisha. Walifanya kazi pamoja katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani ilikaa dirishani, naye Fundi alipiga magoti chini katikati ya mbao na vipande vya godoro, amebana misumari midogo kwa midomo. Binti yao, aliyekuwa anasubiri kuingia chuo cha ualimu, alikaa kwenye kigoda akishona vifungo vya mito.

Kikohozi kilipoanza, wakasingizia vumbi la godoro. Wiki zikapita, kikohozi kikahamia humohumo kifuani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mkanda wa Fundi ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine, hadi ncha ikawa inaning'inia. Alipokohoa damu kwenye kitambaa cha mteja, Mama Vitambaa akazima cherehani na kumshika mkono hadi zahanati.

Ilikuwa kifua kikuu. Sista wa kliniki ya kifua, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, alimwandikia dawa za miezi sita, kisha akaanza kumuuliza maswali huku akijaza kadi.

"Vipimo vya sukari vimetuishia wiki hii, kwa hiyo niambie mwenyewe. Una kisukari?"

"Mimi? Hapana, sista."

"Sigara unavuta?"

"Nilivuta zamani. Nimeacha."

Mama Vitambaa akageuza uso ukutani. Asubuhi ile ile alikuwa amefagia vichungi vitatu mlangoni. Lakini kumuumbua mume wake mbele ya watu, anavyotetemeka vile, hakuweza. Akanyamaza, na kadi ikajazwa hivyo.

Nyumbani akajifunga kibwebwe. Mgonjwa wa kifua hula, ndivyo alivyosikia tangu utotoni, na mumewe alikuwa amebaki mifupa na macho. Kila asubuhi, baada ya kumsimamia ameze vidonge, alimkorogea uji wa bakuli kubwa na kuutia vijiko vinne vya sukari vilivyojaa. Saa nne, juisi. Mchana, soda. Jioni, chai ya maziwa nzito ya kushikana midomo.

"Kunywa, baba. Mwili urudi."

Fundi alilitazama bakuli kidogo, kisha akanywa. Hakuacha hata tone. Alikuwa na kiu isiyokatika, na chooni alikwenda hadi njia ikajitia alama.

"Dawa hizi zinakausha koo," alisema, na mkewe akaamini, maana hata mkojo wenyewe si zilikuwa zimeugeuza rangi?

Miezi miwili ikaisha. Wenzake walioanza naye walinenepa, wakaambiwa makohozi yao ni safi. Ya Fundi yalikuwa bado yamejaa vimelea. Sista akakunja uso. Sampuli ikapelekwa hospitali kubwa, ikarudi na majibu kwamba dawa zinafanya kazi, vimelea havijawa sugu. Basi tatizo lilikuwa nini? Safari hii vipimo vya sukari vilikuwepo. Daktari akamtoboa kidole, akakitazama kimashine, akakitikisa, akatoboa kidole kingine.

"Mzee, hii sukari haijaanza leo. Uliambiwa lini?"

Feni ilizunguka juu yao. Mama Vitambaa alikuwa akitaka kumjibia daktari kwamba mumewe hana kisukari, mdomo tayari umefunguka, Fundi aliposema akiangalia viatu vyake:

"Miaka minne iliyopita."

Daktari aliwaeleza bila kufoka. Sukari ikipanda, askari wa mwili hulala, na vimelea hujilia vinavyotaka. Sigara nayo hulichoma pafu ambalo tayari lina vidonda. Mtu mwenye vyote viwili hukaa na vimelea muda mrefu kuliko wengine, na muda wote huo huweza kuambukiza wa nyumbani. Mama Vitambaa alisikia kila neno, ila akilini mwake alikuwa anahesabu mabakuli.

Njiani, walipofika kwenye duka la vioo, Fundi alisimama kupumua.

"Ulikuwa unaniangalia," mkewe alimwambia. "Kila asubuhi ninakukorogea, nawe unaniangalia tu."

"Baba yangu walimkata mguu kwa sukari, mama. Nilisema nisipoitaja..."

"Nilikuwa nakulisha sumu kwa mkono wangu!"

"Ungeniona mzee. Ungeniona nimekwisha."

Mkewe alimwambia aape kwamba hakuna kingine alichoficha. Akaapa. Siku ya tatu mkewe alimkuta nyuma ya nyumba na mdogo wake Fundi, wameinamiana kama wezi, sigara moja inapita mkono kwa mkono.

"Shemeji, ni nusu tu, ya kutoa mawazo," shemeji akajitetea.

Alimfukuza kwa ufagio. Kisha akapiga magoti palepale uani, mbele ya mumewe, akamlilia aache. Fundi alimwinua, akampangusa vumbi, akaahidi. Wiki ile ile nguo zake zikanuka tena.

Mwezi uliofuata binti yao akaanza kukohoa. Alisema ni mafua, akaendelea na vifungo vyake. Sista alimpima mara moja tu. Majibu ya kifua kikuu yalitoka siku barua ya chuo ilipofika, ikimtaka aripoti baada ya wiki mbili.

Siku hiyo Fundi aliikunja pakiti yake yote, akaitumbukiza chooni. Hakuvuta tena, hata mara moja. Watu walimsifu. Mama Vitambaa naye alishukuru, lakini jambo moja lilimkaba: kumbe aliweza. Machozi yake yeye hayakutosha.

"Mtoto asijue kuhusu sukari," Fundi alimwomba usiku ule. "Nitamweleza mwenyewe, nikipata nguvu."

Akakubali. Akampikia bila sukari, akamchoma sindano ya kisukari, akampima kidole kila alfajiri kabla binti hajaamka. Matibabu ya kifua yakarefushwa hadi miezi tisa. Hatimaye makohozi yakawa safi, ingawa pafu moja lilikuwa limechakaa na Fundi hakuweza tena kunyanyua hata fremu ya kiti kimoja bila kukaa chini.

Siku aliyoambiwa amepona, majirani walikuja kumpongeza. Shemeji alikuja na kelele zake. "Kaka yangu chuma! Maradhi yalimjia, akayashinda nguvu!" Fundi alicheka, akakaa wima kwenye kochi alilolitengeneza mwenyewe.

Mama Vitambaa aliingia chumba cha ndani na vidonge vya binti yake. Bado alikuwa na mwezi mmoja wa dawa, na nafasi yake chuoni ilishapewa mwingine. Binti alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda, anasikiliza vicheko.

"Mama, wenzake baba walipona kwa miezi sita. Yeye kwa nini alichelewa vile?"

Mama akatazama mlango. Sauti ya Fundi ilisikika ikisimulia jinsi alivyovumilia.

"Ana kisukari. Na alivuta sigara katikati ya dawa."

"Walichelewa kukigundua?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa fupi.

"Alijua. Miaka minne kabla. Alificha. Na sigara nilijua mimi, nikanyamaza."

Binti hakulia. Alipokea vidonge, akavimeza kimoja baada ya kingine, akamrudishia glasi. Sebuleni Fundi akaita, kwa sauti ya furaha, kwamba mwanawe aje asalimie wageni.

"Mwambie nimelala," binti akasema, akageukia ukutani. "Na wewe mama, ukitoka, funga mlango."