Tabasamu la Nesi

Tangu tamthilia ianze, mama mkwe hakumwita tena "mke wa mwanangu". Alimwita Nesi, kama walivyomwita wauza mboga na watu wa barabarani, kwa sababu ya yule muuguzi mpole aliyemwigiza kila Ijumaa kwenye televisheni. Miaka mitatu waliishi nyumba moja kwa salamu za midomoni tu, kumbe dawa ilikuwa kuvaa sare nyeupe na kuwafunika shuka wagonjwa wa kubuni. Makubwa haya!

Leo ilikuwa sehemu ya mwisho. Leo watazamaji wangejua ni nani aliyekuwa akiwaua wagonjwa wa wodi ya wazee. Nesi alikwisha kujua, tangu walipofungiwa studio yeye, mwongozaji na mpiga picha, akaapishwa asimwambie hata mumewe. Muuaji alikuwa yeye.

Aliketi ukingoni mwa kochi. Hakuogopa magazeti wala mashabiki. Alimwogopa bibi kizee mmoja aliyekuwa mbele yake akifuta miwani, ambaye usiku huuhuu angeweza kurudi kumwita mke wa mwanangu.

"Ni daktari mkuu," alisema jirani wa ghorofa ya juu, aliyeshuka na kiti chake mwenyewe. "Jicho lake silipendi."

"Ni yule mfagizi," alisema mume. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Mama mkwe alivaa miwani yake.

Kwenye kioo, muuguzi aliingia wodini na kikombe cha dawa. Akamtabasamia mgonjwa, akamwinua kichwa taratibu. Mara pazia likavutwa, mpelelezi akamdaka mkono.

Jirani alipiga ukelele. "Wewe? Wewe?"

Mume alimgeukia mkewe. "Na ulikuwa unalala pembeni yangu na siri yote hiyo!"

Muuguzi akapiga magoti, akalia, akaomba msamaha, muziki ukapanda, ikawa basi.

"Wametuonea," alisema jirani, sauti ikitetemeka. "Mtu mwema vile! Na mimi niliyekuwa namwombea!" Akabeba kiti chake, akaondoka bila kuaga.

Mama mkwe bado alikuwa ameikazia macho televisheni. Nesi alikimbilia jikoni kumimina chai, maana mikono ilitaka kazi. Alirudi, akainama, akamnyooshea kikombe, na tabasamu likaja lenyewe kama kila jioni.

"Hilo hapo," alisema mama mkwe.

"Lipi, mama?"

"Tabasamu. Mimi nilijua ni wewe tangu siku ya kwanza. Ulivyomtabasamia yule mzee ukimpa dawa, ndivyo unavyonitabasamia mimi ukinipa chai. Meno yote nje, macho hayamo."

Nesi alimkumbuka mwongozaji akipiga makofi: hilo hilo, umelitoa wapi? Naye alicheka akasema hajui.

"Mama jamani, ni maigizo," alisema mume.

"Nyamaza, wewe huoni kitu." Kisha akamgeukia Nesi. "Muuaji nimemwamini. Mwisho wenu ndio wa uongo. Mtu aliyeficha moyo wake muda wote huo hapigi magoti mara moja, akalia, mambo yakaisha."

"Lakini mbona ulinipenda? Uliniita Nesi."

"Nani kakwambia nilikupenda? Nilikuwa nakuchunga."

Maneno hayo yalimchoma. Alitaka kukana, alitaka kucheka, vyote vikamshinda.

"Nakuogopa, mama," alisema. "Tangu siku niliyoletwa hapa. Hata sasa nakuogopa."

Mama mkwe alimtazama usoni. Tabasamu halikuwapo tena, machozi yalikuwa yakimlenga Nesi. Ndipo bibi kizee akapokea kikombe, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Miaka mitatu chai yako haina sukari ya kutosha," alisema, "na mimi nakunywa nikitabasamu. Kaa hapa."