Waya wa Njano

Kiyoyozi kile kililetwa gatini kwa mkokoteni, mume wangu akitembea kando na mkono wake juu yake, kana kwamba anasindikiza mgonjwa. Kilikuwa cha dirishani, kizito, rangi yake nyeupe imeshageuka manjano, kimeng'olewa kwenye ofisi fulani iliyohamia jengo jipya. Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu na viyoyozi mpaka alipostaafu. Maisha yake yote alipooza vyumba vya watu, akarudi nyumbani shati limemganda mgongoni. Siku hiyo alikuwa anatabasamu peke yake.

"Na sisi tuonje, mama," akaniambia. "Kwani tumekosa nini?"

Sikubisha. Joto lilikuwa la kweli. Boti yetu ni ndogo, ya kusafiria watu wawili wanaopendana, maana wasiopendana hawawezi kupishana humo bila kugombana. Chumba cha kulala kiko mbele kabisa, kimebanwa na mbavu za boti kushoto na kulia, na hewa yake huingilia kwenye dirisha moja tu lililo darini. Jiko liko katikati. Nyuma kuna mabenchi mawili chini ya turubai, usukani, na meza ndogo ninapoweka cherehani yangu ya mkono. Mimi ni fundi nguo.

Tulikuwa tumepangisha nyumba yetu na kuhamia botini ili tuondoke. Mume wangu aliiunda boti ile nyuma ya nyumba kwa miaka, majirani wakiiita jeneza, naye akawaambia wote waziwazi kwamba akistaafu hawatamwona tena. Kituo cha kwanza kingekuwa ng'ambo, anakoishi binti yetu. Ukitoka asubuhi, unafika jioni. Siku ya anga safi tuliuona mnara wa simu wa kule, mwembamba kama sindano, na mimi niliutazama kila nilipoinua uso kwenye cherehani.

Kiyoyozi kikakaa kwenye dirisha la darini kwa kuwa hapakuwa na pengine. Alikitengenezea sanduku la mbao, uso wake wa baridi ukaelekea kitandani, mgongo wake wa joto ukaelekea mbinguni. Mimi nikakishonea koti la turubai ili mvua isipenye. Nilipima, nikakata, nikashona huku naimba, mjinga mimi. Sanduku likaziba njia ya tanga la mbele. Betri za boti hazikuwa na ubavu wa kukizungusha, kwa hiyo waya wa njano, mnene kama kidole gumba, ukatoka mbele ya boti, ukapita juu ya maji na kuchomekwa kwenye soketi ya nguzo gatini.

"Ya muda tu," akasema. "Siku ya safari tunakitoa."

Kikawashwa. Vikombe vikatetemeka kabatini, vijiko vikagongana, na umeme wa safu nzima ya boti ukakatika. Mlinzi wa gati akatoka mbio kwenda kwenye boksi la swichi. Alikuja kuzikimbia mbio hizo mara nyingi mno, tukambatiza Fyuzi, na jina likamkaa.

"Mama, huyo mgeni wenu ameamka," alikuwa anapaza sauti akikimbia.

Mimi sikuweza kulala chini ya ngurumo ile. Nikahamia kwenye benchi la nyuma na chandarua changu. Mume wangu akabaki mbele, nyuma ya pazia zito nililomshonea, na akatunga sheria moja tu: pazia lisifunguliwe, baridi inatoka. Nikikohoa karibu na pazia, alisema baridi inatoka. Basi chumba kile nikakisusa.

Faida niliyoipata ni maji. Mashine ile ikipooza hutoa maji, nayo yalishuka kwa mrija hadi kwenye dumu karibu na jiko. Maji ya bomba la gatini yalikuwa na chumvi na yalitia madoa meupe kwenye nguo, lakini haya ya kiyoyozi yalikuwa safi, na pasi yangu ya mvuke iliyapenda. Kila asubuhi nilijaza pasi kabla sijanywa chai.

Binti yetu akapiga simu. Ana mimba, ya kwanza, na anataka niwepo siku ya kujifungua. "Mama, panda meli tu," akasema. "Hayo mambo ya boti ya baba tunayajua." Nikamjibu kwa kiburi kwamba tunakuja na boti yetu, baba yake na mimi, na yeye atatupokea gatini na tumbo lake.

Mume wangu alikubali kwa kichwa. Wiki ile upepo haukuwa mzuri. Iliyofuata, injini ilitaka kubadilishwa mafuta. Kisha ikawa mwezi mchanga, kisha ikawa mafua. Alinipiga kalenda mpaka nikazijua sababu zake kabla hajafungua mdomo. Na kila mara alimalizia kwa lile lile, kwamba joto hili halisafiriki, tungoje lipungue, angalau hapa tuna kiyoyozi.

Mimi ni kiguu na njia tangu utotoni. Kukaa mahali pamoja kunaniwasha mwilini. Nilisugua sitaha iliyokwisha kusuguliwa. Nilifungua kamba nikazifunga upya. Nilishona nepi, vikofia na vishuka vya mtoto mpaka vitambaa vikaisha, nikaanza kupindia mapazia yaliyokwisha kupindwa. Jioni nilitembea gatini kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, Fyuzi ananitazama.

"Mama, utatoboa mbao," akasema.

"Zikitoboka nitazama, angalau nitakuwa nimekwenda mahali," nikamjibu, na sikuwa natania sana.

Nilikuwa na sababu ya kuwashwa zaidi ya kawaida. Kabla kiyoyozi hakijaja, tulitoka mara moja, kuijaribu boti. Tulipofika mwisho wa ukuta unaokinga mawimbi, pale maji yanapobadilika rangi, mume wangu aliniambia, "Shika hapa kidogo," akaniachia usukani, akashuka ndani. Hakupanda tena. Nilidhani ni kichefuchefu. Nikaigeuza boti peke yangu na kuirudisha mpaka gatini, polepole, nikiomba Mungu, na nilipoifunga kamba mikono yangu ilikuwa inacheka. Sijui namna nyingine ya kusema. Tangu siku hiyo nilitaka kuishika tena, na hatukuzungumza habari zake.

Asubuhi moja pasi haikupata maji. Dumu lilikuwa kavu. Nilimuuliza kupitia pazia.

"Boti imelala upande," akasema. "Maji yanamwagikia nje."

Nikaridhika. Yeye ndiye fundi. Nikachemsha maji ya bomba, nikatia madoa kwenye suruali ya mteja, nikayasugua kwa kucha nikitukana kimoyomoyo. Siku zikaenda, boti ikalala upande huu na ule, na dumu likabaki kavu. Kiyoyozi kikaendelea kunguruma vilevile.

Kisha binti akapiga simu tena. Daktari amemwambia mtoto ameshuka, ni suala la siku. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya alipokuwa mdogo na homa. "Mama, utakuja au huji?"

Nilimwambia naja. Nilipokata simu mume wangu alikuwa amesimama jikoni, amesikia.

"Nenda na meli," akasema. "Mimi nitafuata na boti, joto likipungua."

Nilimtazama na roho ikanishuka, kwa sababu nilijua kabisa kwamba hatafuata. Nikipanda meli peke yangu, mume wangu ataozea pale gatini, na majirani zetu watakuwa wamesema kweli kuhusu jeneza. Lakini mtoto hangoji. Nikatoa begi. Yeye akarudi nyuma ya pazia lake, akalifunga vizuri.

Nguo za mtoto nilikuwa nimempa mume wangu azihifadhi chini ya kitanda, huko mbele. Mchana ule, jua likiwa utosini, nikaona potelea mbali baridi, nikafungua pazia.

Joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Mume wangu alikuwa amelala chali, blanketi la sufu limemfika kidevuni, jasho linamtiririka hadi masikioni. Juu yake mashine inanguruma. Akafumbua macho, akaniona, na badala ya kulitupa lile blanketi akalivuta juu zaidi.

"Baba watoto," nikasema, ingawa mtoto tuliyenaye ni mmoja. "Unasikia baridi?"

"Kidogo."

Nikanyoosha mkono mbele ya mashine. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto kuliko ya nje.

"Kimekufa lini hiki?"

 Tone la jasho likamteremka shavuni, likazama kwenye mto. "Zamani kidogo. Feni tu ndiyo inazunguka."

"Tangu dumu lilipokauka?"

"Tangu hapo."

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Kicheko kilinibana na hasira ilinibana, vyote pamoja, na chumba hakikuwa na nafasi ya vyote viwili. Fundi mwenye ujuzi wa miaka na miaka amejifunika blanketi chini ya mashine mfu, anajipika mwenyewe, ili mkewe asijue.

"Kina nini?"

"Kapasita, kile kidude cha kukiamsha. Ninayo nyingine, imo kwenye mkebe wangu."

"Sasa si uiweke?"

"Lazima nikitoe kwanza dirishani."

"Kitoe."

"Nikikitoa," akasema, akiangalia dari, "utasema twende."

Nikazima mashine. Vikombe vikatulia kabatini. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisikia maji yanagonga ubao wa boti, na pumzi za mume wangu.

"Naogopa," akasema. "Siku ile pale ukutani niliangalia chini nikaona hakuna mwisho. Mikono ikakataa. Miaka yote nimewaambia watu nitakwenda, na mikono ikakataa."

"Nilidhani ni kichefuchefu."

"Nilitaka udhani hivyo." Akajifuta uso kwa blanketi. "Nawe uliirudisha vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi."

Nilimhurumia. Nilimkasirikia pia, sitasema uongo, kwa wiki zote zile nilizotembea gatini kama mbuzi aliyefungwa kambani. Lakini begi lilikuwa wazi sakafuni na binti yangu alikuwa anahesabu siku ng'ambo, na mimi si mtu wa kukaa nikalia kwenye chumba chenye joto.

"Lete bisibisi," nikamwambia.

"Mama, sikia..."

"Nimesikia. Unaogopa kuangalia maji, basi usiyaangalie. Utakaa huku chini na mashine yako, uitengeneze. Usukani ni wangu. Au nipande meli, nawe ubaki na blanketi. Chagua."

 Akaushika mkono wangu, akainuka, akaenda kuleta bisibisi.

Tulifungua koti langu la turubai, tukang'oa sanduku, tukakishusha kiyoyozi sakafuni huku tunahema. Dirishani pakaingia upepo. Ulipita kitandani, ukapita pazia, ukafika mpaka kwenye cherehani yangu huko nyuma na kupeperusha uzi. Mume wangu alisimama chini ya lile tundu, uso juu, shati linakauka mwilini. Mimi nilijizuia kusema, ingawa nilikuwa nayo maneno.

Asubuhi yake Fyuzi alichomoa waya wa njano, akaukunja begani.

"Mnakwenda kweli, au mnakwenda kuzunguka tu?" akauliza.

"Kweli," nikasema, nikaenda kuushika usukani.

Nikawasha injini, naye akatupa kamba, akatupungia mkono. Nilimwona akigeuka kulitazama boksi lake la swichi, kama mtu aliyebaki bila kazi.

Mume wangu alikaa sakafuni kati ya jiko na kitanda, mgongo umeelekea madirisha ya jikoni, kiyoyozi kati ya miguu yake, mkebe wa vifaa pembeni. Tulipofika mwisho wa ukuta, wimbi la kwanza lilitunyanyua, na nikasikia skrubu zinaviringika sakafuni. Nilingoja. 

"Mpumbavu wewe, rudi hapa," akasema. Alikuwa anaiambia skrubu.

Nikashika usukani sawasawa, nikauelekeza mnara. Kila baada ya muda nilimwita.

"Upo?"

"Nipo. Usinivuruge, nashika waya mwembamba."

Safari iliendelea hivyo. Mawimbi yalikuwa mafupi, yenye chuki, na mara moja maji yaliruka yakanilowesha mpaka chupini. Sikuwa na raha hata kidogo, na wala sikutaka kuwa mahali pengine. Nilisikia bisibisi, nikasikia anakohoa, nikasikia anafoka, kisha kimya, nikaanza kuogopa kile kimya. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Binti alikuwa ameandika kwamba uchungu umeanza na wako njiani kwenda hospitali.

Kichwa cha mume wangu kikatokeza mlangoni. Ana grisi kwenye paji la uso.

"Kimepona?" nikamuuliza.

"Nimeweka kapasita, nimesafisha na feni. Lakini huwezi kujua mpaka kiguse umeme." Akajifuta mikono kwenye shati. Uso ulikuwa wa fundi aliyemaliza kazi na hajaijaribu, uso ninaoujua. Mtu wa namna hiyo halali. Akageuka kutazama tulikotoka. Hapakuwa na gati, hapakuwa na ukuta, maji tu. Nikaona mkono wake umeshika ukingo wa mlango mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Umeme wa karibu uko wapi?" akauliza.

Nikanyoosha kidole mbele. Mnara haukuwa sindano tena, ulikuwa mnara.

Akautazama. Akanitazama mimi mkewe niliyeloa, akaitazama saa. Kisha akapanda, guu moja, la pili, macho yake hayashuki majini, akaanza kutambaa kwenda mbele kupandisha lile tanga ambalo sasa halikuwa na kizuizi.

"Mbona mwendo wenyewe wa bibi harusi?" akasema. "Mtoto atazaliwa sisi tuko huku."