Ngano ya Bibi Lorraine

Audra Kessinger alifika Iași, mji wa Romania, mwezi wa Septemba na masanduku mawili na digrii yake ya kwanza aliyoipata kwao Minnesota. Alikuja kusoma historia kwa mwaka mmoja. Kiromania alikijua, lakini kile cha vitabuni. Jioni ya kwanza alipoomba chumvi mezani, mwenye nyumba wake, mjane aitwaye Tudora, aliweka kijiko chini.

"Binti, hapa ni jikoni," akasema. "Mbona unaongea kama unasoma taarifa ya habari?"

Audra akanywea. Tangu siku hiyo alisema yale ya lazima tu: asante, samahani, usiku mwema. Asubuhi alipanda tramu kwenda chuoni, akashinda maktaba, na jioni akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne na kujifungia chumbani. Wanafunzi wenzake walimwalika mara mbili tatu, naye akakaa kimya pembeni ya meza mpaka wakachoka kumwalika. Akiwapigia simu wazazi wake alisema mambo ni mazuri mno. Hakuwaambia kwamba alikuwa akihesabu wiki zilizobaki.

Mwezi wa Februari bibi yake Lorraine, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita wazazi wakiwa kazini, alianguka nyumbani kwake Duluth, huko huko Minnesota, na hakuamka tena. Mama yake alimpigia simu Jumatano. Mazishi yalikuwa Ijumaa, na theluji ilikuwa imefunga uwanja wa ndege wa Iași tangu juzi yake. Hakuwa na njia ya kuwahi. Audra alikaa kitandani na koti lake mwilini, hata taa hakuwasha.

Bi Tudora aliingia bila kubisha hodi. Aliuliza ni nani aliyefariki, kisha akauliza jina. Alijaribu kulitamka mara mbili, likamshinda, akatoka.

Kesho yake alimwita jikoni. Mezani palikuwa na kilo ya ngano ndani ya beseni.

"Ngano ya marehemu, ya kuombewa kanisani na kugawiwa majirani, huoshwa kwa maji tisa," alisema. "Si manane, si kumi. Wewe osha, mimi nahesabu."

Audra akaosha. Yalipofika maji ya tatu alianza kusimulia bila kuulizwa. Bibi Lorraine alikuwa dereva wa basi la shule miaka ishirini na miwili. Hakujua kupika kitu kikalika. Katika karata alikuwa mwizi, akiwaibia hata wajukuu, na akishikwa anakana huku karata inachungulia mkononi mwake. Sarufi ilimponyoka Audra, akaiacha iende. Bi Tudora alicheka hadi akajifuta machozi kwa aproni.

"Haya, umenipotezea hesabu," akasema. "Anza upya."

Waliichemsha ngano, wakaichanganya na sukari na kokwa za jozi zilizotwangwa, na Jumamosi wakaipeleka kanisani. Padri alikuwa kijana mwenye ndevu nyepesi. Alipokea karatasi ya majina ya marehemu, akaipitia, akasita. Aliuliza Lorraine alikuwa wa dhehebu gani. Audra alisema Mlutheri. Padri akaeleza kwa upole kwamba majina yasomwayo madhabahuni ni ya Waorthodoksi, na kanuni hiyo hakuitunga yeye.

Bi Tudora hakupandisha sauti. "Baba, mimi nimezika mume na kaka wawili katika kanisa hili. Huyu mtoto hakupata kumzika mtu wake. Sasa niambie, nimpeleke wapi?"

Padri aliichukua karatasi, akaingia madhabahuni. Ibada ilikwenda na jina halikusomwa, naye Audra akaona aibu kwamba alikuwa amelitegea sikio. Lakini watu walipokwisha kutoka, padri alirudi peke yake hadi kwenye meza ya nyuma palipokuwa na bakuli lao la ngano. Aliomba kwa sauti ya chini, na mahali pa jina akasema taratibu, "Lorena." Audra hakumsahihisha.

Mchana ule walipita mlango kwa mlango katika jengo lao, wakigawa ngano katika vikombe. Kila aliyepokea alisema, "Mungu amrehemu." Mzee Haralambie wa ghorofa ya pili, ambaye tangu Septemba hakuwahi kuitikia salamu ya Audra, alishika mlango na kuuliza bibi alikuwa na umri gani. Akaanza naye kumsimulia habari za mama yake mwenyewe, wamesimama pale pale kizingitini, karibu saa nzima.

Kuanzia wiki ile jengo zima likawa na neno naye. Walimkemea kwa kutoka bila kofia. Walimtuma dukani kununua mkate. Jirani wa chini alimletea mjukuu amfundishe Kiingereza, akamlipa kachumbari ya matango. Miti ya barabarani iitwayo tei ilipochanua Juni na mji mzima kunukia, Audra alikuwa akikaa benchini na wanawake wa jengo akiwasengenya wengine wa jengo. Tasnifu yake ilipita kwa alama za kawaida. Profesa alimwambia angeandika vizuri zaidi kama angetoka maktaba mara chache zaidi. Audra alikubali, na hakujuta.

Siku ya safari, mwezi wa Julai, Bi Tudora alikataa kwenda stesheni.

"Nilikuwa karani wa tiketi pale miaka thelathini na mmoja," alisema. "Kuagana kwa watu kumenikinaisha. Nenda, mwanangu, utachelewa."

Alimbusu mashavu yote mawili, na mlango ukafungwa kabla Audra hajafika ghorofa ya tatu.

Ndani ya treni, mashamba ya alizeti yakipita, alitoa fomu ya waliomlipia masomo. Walitaka aeleze kwa kurasa mbili amefaidika nini. Aliandika habari za maktaba na nyaraka, mistari sita ya kweli kabisa, kisha akaikunja fomu. Mwanamke aliyeketi mbele yake akamuuliza kama anakwenda matembezini au anarudi kwao.

"Narudi kwetu," Audra alisema, na akageuka kutazama nyuma, kule treni ilikotoka.

Yule mwanamke alisogeza kikapu chake, akampisha akae dirishani.