Mashine ya Juni

"Mtu asifomati kitu!" Jecinta alisema, akaifunika ile flashi kwa kiganja kana kwamba ni kifaranga na mwewe yuko mlangoni.

Mwewe mwenyewe alikuwa Muturi, kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuwa ameacha kichwa cha mteja nusu nusu ili aje kutoa ushauri. Muturi hakujua kompyuta, lakini jambo hilo halikuwahi kumzuia. Hapa mtaani Ziwani, Nairobi, dawa ya flashi iliyougua inajulikana na kila mtu, kama dawa ya kwikwi: ifomatiwe, ianze upya. Kwamba kufomati ni kufuta kila kilichomo, hilo wengi hulijua wakishamaliza.

"Mama Eve, mimi nasema tu. Yangu ilifomatiwa na ikapona."

"Na nyimbo zako zikaenda wapi?"

Muturi akafikiri. "Hizo ziliisha."

"Rudi kwa mteja wako, Muturi."

Aliporudi, saiba, lile duka la kompyuta na uchapaji, ikabaki na watu wawili. Mmoja ni Jecinta mwenyewe, mwenye saiba, ambaye mtaa ulimwita Mama Eve, mwanamke mnene wa miwani mbili: ya kusomea na ya kutafutia ile ya kusomea. Wa pili ni Lorine, aliyekaa kwenye benchi la wateja na kitambaa cheusi kichwani. Mamake, Selpher Andati, aliyeuza samaki wa omena kwenye kona ya mtaa mpaka watu wakaiita kona hiyo kwa jina lake, alikuwa amefariki. Jioni hiyo basi lingeondoka na mwili na waombolezaji kuelekea Vihiga. Na katika basi hilo, kama katika kila basi la msiba linalotoka Nairobi, kila mtu angetarajia kupewa programu ya mazishi, karatasi ya ratiba yenye picha ya marehemu mbele. Msiba bila programu watu huuongelea miaka.

Selpher hakupenda kupigwa picha. Zile chache zilizokuwepo zilikuwa ndani ya flashi ile, kwa sababu simu zilikotoka iliharibika zamani. Jana yake Lorine na Jecinta walikuwa wameziangalia pamoja hapa hapa, kwenye mashine ya kona, na wakachagua moja: Selpher amerusha kichwa nyuma anacheka, mkono mmoja umeshika kipimo cha omena. Walicheka naye, kisha wakalia, kisha Jecinta akasema arudi kesho na flashi yake, picha ataiweka akishamaliza kuchapa maneno.

Leo ilipochomekwa, picha hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na vijifaili vyenye mshale mdogo pembeni, na ukivifungua havikupeleki popote.

"Jana zilikuwa," Lorine alisema. Kwa Jecinta, afadhali angemtukana.

Job Mulongo, aliyeitwa na Jecinta kwa simu, alifika kutoka mtaa wa Huruma akiwa na begi mgongoni na jasho usoni. Alikuwa fundi wa kompyuta mwenye umri wa kutosha kuanza kupoteza nywele, na alikuwa na desturi ya kusalimia watu kwanza, mashine baadaye.

"Mama Eve, habari ya leo? Lorine, pole sana. Selpher alikuwa ananiongezea kila nikinunua."

"Alikuwa anaongezea kila mtu," Lorine akasema. "Ndio maana hakutajirika."

Job akachukua flashi, akaichomeka kwenye laptopu yake mwenyewe, akaandika mstari mmoja wa herufi zisizo na adabu, kisha akaigeuza skrini. Selpher akatokea, kichwa nyuma, anacheka.

Lorine akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hazikuenda mahali," Job alisema. "Hii vairasi haifuti, inaficha. Inaficha yako, inaweka uongo wake. Ndio maana mtu akifomati anamaliza kazi ambayo vairasi ilishindwa."

"Mungu ni mwema," Jecinta akasema. "Lete hapa basi tuchape."

Aliichomeka kwenye mashine ya kona. Selpher akaonekana kwa muda wa kupepesa jicho, kisha akapotea, na vijifaili vya mshale vikarudi mahali pake. Job akashusha pumzi.

"Mama Eve, mgonjwa si flashi. Mgonjwa ni huyu."

Mashine ya kona ilikuwa ya marehemu Ngigi, mumewe Jecinta. Ilikuwa na Windows 7, feni iliyokoroma, na herufi za kibodi zilizofutika ila kwa mtu aliyezijua kwa vidole. Kompyuta nyingine tatu za saiba zilikuwa mpya kiasi, na ndizo wateja walizotumia kwa mtandao. Ya kona ilikuwa ya kuchapa tu. Printa kubwa ya rangi ilikuwa ya zamani kama yenyewe na iligoma kuongea na kompyuta nyingine yoyote. Programu za mazishi, kadi za harusi, vyeti vya watoto wa chekechea wakihitimu, vyote vilizaliwa hapo. Na maneno yote ya programu ya Selpher, mashairi na shukrani na majina ya wajukuu, yalikuwa humo humo.

"Antivairasi iko," Jecinta alijitetea. "Baba Eve aliiweka."

"Iko, lakini iko na njaa. Haijaletewa orodha mpya ya vairasi kwa miaka. Ni askari wa geti ambaye wezi wote anaowajua walishazeeka." Job akabonyeza kitufe cha kusasisha. Mashine ikafikiri, ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa tena. Akashusha sasisho kwenye laptopu yake, akaliandika kwenye sidii ili vairasi isiliguse, akalitia kwenye mashine. Ukatokea ujumbe mwekundu, naye akausoma mara mbili kisha akacheka peke yake. "Inasema hili faili bado halijazaliwa."

Ndipo alipotazama kona ya chini ya skrini. Saa ya mashine ilisema ni Juni, mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa.

"Ah! Mama Eve, shida ndiyo hii. Tarehe." Akapeleka mkono kwenye kipanya.

"Wacha tarehe!"

Hakuna aliyemjua Jecinta kwa sauti ile. Hata mashine ya Muturi ya kunyoa ilinyamaza upande wa pili wa ukuta.

"Hiyo ni ya leseni," akasema, sasa kwa upole wa kulazimisha. "Antivairasi ni ya mwaka mmoja. Baba Eve alikuwa anairudisha saa kila mwisho wa mwezi, inaanza Juni tena, mwaka hauishi. Ukigusa hapo itadai leseni, na mimi sina."

Job akaondoa mkono kwenye kipanya. Ngigi ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi, kwenye meza ile ile, na alimpenda kama mjomba. Alijua ilibidi aseme, na alitamani asingekuwa yeye.

"Mama Eve, hii antivairasi ni ya bure."

"Bure?"

"Mwaka ukiisha unaandika imeli yako hapa, inakupa mwaka mwingine. Tangu zamani."

Jecinta akavua miwani. Alimwona Ngigi na kikombe chake cha chai, amekunja uso kama mtu anayevunja benki, akirudisha saa ya kompyuta nyuma huku anachungulia mlango asije akaonwa. Mwizi wa kitu cha bure! Kicheko kikamtoka puani bila ruhusa, na Job akacheka, na hata Lorine, aliyekuwa hajacheka tangu jana, akainamisha kichwa mabega yakimtikisika.

Kicheko kikaisha, na Jecinta hakuirudisha miwani.

"Lakini isibadilishwe," akasema.

Wakamgeukia.

"Si leseni. Nadhani kutoka mwanzo haikuwa leseni. Baba Eve alilala Septemba ya mwaka huo huo. Huku nje amekufa. Humo ndani bado ni Juni, na Juni alikuwa mzima kabisa, alikuwa anakula mandazi hapo kwa kiti akiangusha makombo kwa kibodi. Kwa hivyo mimi kila mwezi ukiisha, naamka, nairudisha. Kama yeye." Akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Sasa nusura nipoteze picha za mama ya mtu kwa ujinga wangu."

Hii ndiyo sababu, na mtaa haukuijua, ya tabia yake ya kukata kingo za karatasi. Mashine ilikuwa na mazoea ya kuchapa tarehe yake kwa maandishi madogo chini ya kila ukurasa, na hakuna aliyejua Ngigi aliipanga vipi. Kwa hivyo Jecinta alichapa, akazipanga karatasi chini ya kisu kirefu cha mkono cha kukatia karatasi, akakata ukingo wa chini kwa pigo moja, ile Juni isionekane. Watu walimsifu kwa usafi. Walisema kazi ya Mama Eve utaijua tu, imenyooka. Na chini ya meza kulikuwa na kapu lililojaa vijitepe vya karatasi, vyote vya Juni, ambavyo hakuvitupa.

Job alijua kutengeneza vingi, na alijua hiki hakikuwa chake. Angeweza kuibadilisha tarehe Jecinta akienda kununua chai, lakini hakuwa mtu wa namna hiyo.

Lorine ndiye aliyeinuka kwenye benchi. Akaja akasimama karibu na kiti.

"Mama Eve. Mimi sikuchukii. Lakini mamangu anazikwa kesho. Nataka watu wamwone akicheka. Wasipomwona hivyo, watamkumbuka vile alikuwa hospitali, na hivyo sitaki."

Jecinta akamtazama. Macho ya Selpher kabisa, yale ya kukuongezea hata kama hujaomba.

"Sogea, Job," akasema. "Nitabonyeza mwenyewe."

Akavaa miwani. Akafungua mahali pa tarehe, akaweka kidole kwenye kimshale cha kupandisha mwaka. Alibonyeza mara moja, akangoja kidogo, kama mtu anayemsimulia mwenzake habari.

"Huu ndio ule wa korona," akasema kwa sauti ya chini. "Tulifunga. Niliweka ndoo ya maji hapo mlangoni."

Akabonyeza. "Huu Eve alimaliza chuo. Alilia kwa sababu yako."

Akabonyeza. "Huu sijui. Ulipita tu."

Akabonyeza. "Huu Eve akaolewa. Mkwe wako ni mpole, anakula sana."

Aliendelea hivyo mpaka mwaka ukawa ule uliokuwa kwenye kalenda ya ukutani. Akapanga mwezi, akapanga siku. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kukubali, na kwa kweli kilikaa hapo muda mrefu. Lorine akaweka mkono begani mwake, hakusukuma, aliuweka tu. Jecinta akabonyeza.

Mashine haikulipuka. Feni iliendelea kukoroma.

Job akamwekea ukurasa wa kujiandikisha. Kwenye nafasi ya jina tayari palikuwa pameandikwa Ngigi, na Jecinta akasema hapo paachwe hivyo hivyo. Akaandika imeli yake. Kisha mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini, pole pole, ukibeba miaka yote iliyokuwa imengojea nje, na wote watatu wakaukodolea macho kama watu wanaongoja maziwa yachemke.

Ulipofika mwisho, spika zikakwaruza, na sauti ya mwanamke wa kizungu, tulivu, yenye adabu, ikatangaza kwa Kiingereza chake kwamba sasisho limekamilika.

Jecinta akashtuka. Alikuwa ameisahau sauti hiyo. Enzi za Ngigi, ilisikika kila asubuhi mpaka nje, na mtaa ulijua kwayo kwamba saiba imefunguliwa. Ngigi alikuwa na jibu lake, kila siku, bila kuinua macho kutoka kwa mandazi.

"Asante, mama," Jecinta akajibu.

Kutoka upande wa pili wa ukuta Muturi akapaza sauti: "Mama Eve! Kwani yule mzungu amerudi?"

"Amerudi. Nyoa mtu!"

Uchunguzi ulipokwisha vairasi ilikuwa imetolewa kwenye kila pembe, na Job alipochomeka flashi, Selpher alitokea na akabaki. Lorine alimgusa shavu kwenye skrini. Wakampanga mbele, juu ya jina lake, wakasoma majina ya wajukuu mara ya mwisho, wakaongeza mmoja aliyekuwa amesahaulika na ambaye angezua kesi. Printa kubwa ikajinyoosha, ikaguna, ikaanza kutema karatasi moja moja, zikiwa na joto. Kila moja ilimleta Selpher akicheka.

Jua lilikuwa limeanza kuinamia mabati ya ng'ambo wakati Jecinta alipozikusanya. Akazigonga mezani zikanyooka, akazipeleka kwenye kisu kama alivyozipeleka nyingine zote, akazilaza, akashika mpini.

Chini ya ukurasa, kwa yale maandishi madogo, palikuwa na tarehe ya leo.

Aliisoma. Akaisoma tena, bila haraka. Kisha akauinua mpini wa kisu mpaka juu, akauacha huko, akazitoa karatasi zikiwa nzima na kumkabidhi Lorine mikononi.

"Hazijanyooka sana huku chini," akasema. "Lakini ziko sawa."