Uji wa Mzazi

Katika ukoo wa Houda, mzazi aliyetoka kujifungua hakuachwa peke yake na bakuli. Aliyeleta uji wa samli na sukari alikaa kitako mkekani akingoja, mpaka bakuli limalizike na kupinduliwa juu ya sinia. Asiyelipindua alihesabiwa kuwa amemkataa aliyepika.

Ndivyo alivyonenepeshwa bibi yake Houda, kisha mama yake, kisha yeye mwenyewe, ambaye siku hizi hapandi ngazi bila kushika ukuta. Pale mtaani Nyakabiga watu waliwaita nyumba ya neema. Neema hiyo ilimletea mama yake Houda ugonjwa wa sukari, akakatwa mguu, na baadaye akazikwa.

Sasa Lubna, binti yake Houda, alikuwa amejifungua. Wakati wa mimba sukari ilimpanda, na mtoto alitoka mkubwa, mashavu kama maandazi. Wageni walifurahi. Mkunga Concilie hakufurahi nao. Alimkalisha Houda akamweleza kwamba unene na sukari hufuata damu, lakini hufuata na jiko pia. Houda alirudi nyumbani, akaswali, akamwomba Mungu asimlegeze moyo, maana aliyekuwa njiani ni Mama Mkubwa Fatouma.

Huyo ni dada wa marehemu mama yake, na hakuna mzazi wa ukoo ambaye hakunywa uji wake. Alifika na sufuria ya uji, akihema, kandambili zimebana miguu iliyovimba. Akaketi, akamimina, akamsogezea Lubna bakuli. Lubna akamtazama mama yake.

Houda alilichukua bakuli akaliweka pembeni. Mahali pake akatua sinia ya samaki wa mukeke wa kuchoma na mboga za lengalenga, akaeleza kwa adabu aliyoyasikia kwa mkunga.

Mama Mkubwa alicheka kwanza. "Concilie, mwembamba kama mufagio, ndiye atanifundisha kulisha mzazi?" Kisha kicheko kikamkauka. "Houda, unakataa mukono wangu. Ni mi nilikulisha wakati ulimuzaa huyu."

"Mukono wako siukatai, Mama. Nakataa sukari. Damu yetu siwezi kuibadilisha. Sufuria naweza."

"Watu watasema tumemunyima mzazi."

"Waseme. Mama yangu nilimuosha mi mwenyewe, akiwa na mguu mumoja, tukamuvika sanda. Lubna sitamuosha hivyo."

Mtoto alilia kidogo, akapewa ziwa, akanyamaza. Mama Mkubwa aliitazama miguu yake, akaitazama muda mrefu kama miguu ya mgeni. Mwishowe akaivuta sinia, akamchambua mukeke miiba kwa vidole vyake, akamwekea Lubna minofu mdomoni, huku akinung'unika kwamba lengalenga hiyo hata mbuzi akipewa angeonewa. Aliondoka na sufuria yake ikiwa karibu imejaa, bila kuaga vizuri.

Alasiri ya siku ya pili yake alirudi tena na sufuria. Houda alikuwa amesimama mlangoni, mwili wake wote umeziba njia. Aliitika salamu, akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na maharage, na juu yake bonge la samli likielea.

"Ni ya harufu tu," akasema Mama Mkubwa.

Houda akaingia jikoni, akarudi na upawa, akaiengua samli yote. Ndipo akampisha.