Mvuke Chini ya Blanketi Moja

Wamama wenzangu, mwenye mtoto anayekula kwa nguvu za mwili wake asome hii polepole. Euphrasie hakuwa mama mbaya. Angekuwa mbaya ningeandika mistari miwili nikamaliza. Alikuwa mama mwenye hofu, na hofu ya mama ikishaingia nyumbani inakaa kwenye kiti kikubwa na kuanza kutoa amri.

Yeye ni mtu wa Bukavu. Alikaa Kilburn na kijana wake Gires, flati ya vyumba viwili juu ya kinyozi ambaye korona ilikuwa imemfungia mlango. Euphrasie alikuwa akisafisha maofisi, na maofisi yalipofungwa akabaki nyumbani kusafisha kile kile alichosafisha jana. Gires alikuwa mchezaji wa kulipwa. Si mpira huu tunaoujua. Ni ule wa Kimarekani, mpira uliochongoka pande mbili, wanaume wakubwa kama makabati wamevaa kofia ngumu na kugongana vifua. Timu yao iliitwa London Herons. Gires, mwembamba vile, hakugongana na mtu. Kazi yake ilikuwa kuupiga ule mpira kwa mguu upite katikati ya milingoti miwili. Anaingia, anapiga, anatoka. Wamama wa kanisa walimtania Euphrasie kwamba mtoto wake anatoka jasho kidogo kuliko padri. Alicheka nao. Lakini alijua mkataba wa Gires unaisha msimu ukiisha, na msimu wenyewe ulikuwa unayumba.

Mwaka ule uwanja ulikuwa mtupu. Wachezaji walicheza mbele ya viti, na Euphrasie akitazama mechi kwenye simu aliweza kusikia kocha akikohoa upande wa pili wa uwanja. Kila wiki waliingizwa kijiti cha kupimia puani mara mbili. Aliyekutwa na ugonjwa alifungiwa siku zake, na wote waliokaa naye karibu pia. Timu mbili zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa kukosa watu wa kutosha. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa moja: nyumba anayolala mchezaji isiingiwe na mgeni. Atakayekaribisha mgeni, mkataba wake unakatwa. Gires aliyasoma hayo mezani kwa Kiingereza, kisha akamweleza mama yake tena kwa maneno mepesi, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, nimesikia.

Zilibaki siku chache kabla ya nusu fainali. Wachezaji watatu walikuwa wameshafungiwa. Euphrasie hakulala vizuri. Alimpigia simu rafiki yake Vaileth, mtu wa Mbeya anayefunga maboksi kwenye ghala kule Hayes, akamlilia. Vaileth akamwambia asihangaike, kwao watu wanajifukiza na wanapona, yeye atakuja Jumapili baada ya ibada na majani ya mkaratusi. Alikuwa ameuona mti huo mbele ya nyumba ya watu karibu na kwake, na mwenye nyumba hakumkatalia matawi.

Hapo ndipo Euphrasie alitakiwa kusema hapana. Hakusema, kwa sababu aliona huyu si mgeni. Mgeni ni mtu unayemtandikia kitambaa mezani. Vaileth alikuwa akiingia jikoni mwenyewe na kufungua friji.

Alikuja na majani, tangawizi, malimau na mchaichai, na alikuwa na mafua kidogo. Alisema ni baridi ya ghalani, milango yao haifungwi. Wakachemsha sufuria kubwa hadi madirisha yote yakalia maji. Gires alitoka chumbani, akamkuta Vaileth, akasimama. Alimwambia mama yake kwa Kiingereza, taratibu, kwamba shangazi hapaswi kuwa humu. Euphrasie aliona aibu. Akamjibu kwa Kiswahili, na Vaileth akisikia.

"Mtu amevuka London nzima kwa ajili yako, wewe unamhesabia sheria? Kaa chini."

Mnajua watoto wetu wa huku. Wanajibu Kiingereza, lakini ukiwaambia mbele ya mgeni wanakuwa wa Bukavu tena. Gires alikaa. Na kwao Euphrasie, mama yake alikuwa akiwafukiza watoto wote kwa pamoja, ili dawa isipotee, vichwa vimegusana na sala inasemwa mle mle ndani. Basi akafanya hivyo hivyo. Blanketi moja zito, sufuria katikati, vichwa vitatu. Vaileth ndiye aliyesali. Alisali kwa sauti na kwa muda mrefu, akikohoa na kuendelea, na Gires akivuta ule mvuke kwa nguvu kama alivyoamriwa. Walipotoka nyuso zote zilikuwa zimelowa, Vaileth akacheka akasema sasa kijana atapiga mpira hadi ufike Hayes.

Jumanne Vaileth alipiga simu. Ghalani walikuwa wamepimwa wote. Yeye anao. Alikuwa akilia, na alisema mwambie Gires, mwambie leo.

Euphrasie alisema atamwambia. Kisha akakaa na simu mapajani. Akimwambia, Gires atawaambia timu, maana mtoto yule hajui kuficha hata soksi. Atafungiwa, nusu fainali itampita, na wataambiwa mgeni aliingia, mkataba utakatwa. Asipomwambia, labda hakuna kitu. Walikuwa na mkaratusi. Walikuwa na sala. Aliamua angoje kipimo cha Jumatano, na kipimo kilipotoka safi alipiga magoti sakafuni pale jikoni akamshukuru Mungu kana kwamba Mungu ndiye aliyemshauri.

Siku hiyo hiyo alasiri, nesi wa timu, binti mmoja anayeitwa Jaspreet, alipiga simu. Alikuwa akizipigia nyumba zote za wachezaji kila wiki. Aliuliza kama kuna mtu anaumwa, Euphrasie akasema hapana. Aliuliza kama kuna mtu yeyote ameingia wiki hii.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu wengi wetu tumepita njia ile. Euphrasie alipoomba kukaa nchi hii aliulizwa maswali kwa miaka, na alijifunza kuwa kila jina unalolitaja kwa mtu wa ofisi linarudi siku nyingine na maswali yake. Usiongeze mtu. Ukiongeza mtu unajiongezea shida. Ulimi wake ulijibu kabla yeye hajakaa sawa.

"Hakuna mtu. Ni mimi na mtoto tu."

Jaspreet alimshukuru. Alimwambia kina mama kama yeye ndio wanaoushikilia msimu huu usianguke. Euphrasie alikata simu, akaosha mikono, akaiosha tena.

Jumamosi Herons walishinda, na walishinda kwa mguu wa Gires, teke la mwisho kabisa. Euphrasie aliona kwenye simu mpira ukipita, kisha makabati yote yakamkimbilia mtoto wake na kumlalia juu. Wa kwanza kumnyanyua alikuwa mzee Chaman, anayetunza jezi na kofia. Chaman ni Mhindi wa Kisumu, anakaa Neasden na mkewe Bhanu, na alikuwa mtu pekee katika timu nzima wa kuongea Kiswahili na Gires. Mara nyingi alimtumia Euphrasie salamu za sauti, mama, kijana yako amekula, mama, kijana yako leo ana uvivu. Sasa alikuwa amemkumbatia Gires shingoni, barakoa imeshuka kidevuni, anacheka mdomo wazi. Watu, kila mmoja nyumbani kwake, walikuwa wakishangilia picha ile. Euphrasie aliizima.

Jumapili Gires alisema chai haina harufu.

Jumatatu ndipo kijiti kikasema. Gires alijifungia chumbani. Kufika mwisho wa wiki walikuwa wachezaji tisa na kocha mmoja, fainali ikafutwa, na kikombe wakapewa wale wengine bila kucheza. Chaman alichukuliwa na gari la wagonjwa. Bhanu hakuruhusiwa kupanda naye.

Euphrasie alikuwa akiweka sahani ya bugali na samaki mlangoni pa Gires, anagonga, anarudi nyuma. Siku moja alisikia Gires ndani akibishana na wenzake kwenye simu. Alipomaliza, alimweleza mama yake akiwa upande wake wa mlango. Timu imetafuta ugonjwa ulikotokea, na wote sasa wanasema ni Chaman. Yeye na mkewe wanajitolea kwenye jiko moja pale Neasden, wanapikia wazee chakula, watu wengi wanapita. Gires alikuwa ndiye wa kwanza kuugua kwa sababu Chaman alimkumbatia wa kwanza. Hivyo ndivyo walivyopiga hesabu. Meneja amesema mzee akitoka hospitali hatarudi kazini. Gires alisema haamini, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeanza kuamini, na ilikuwa na hasira.

Euphrasie alisimama pale na sahani. Alikuwa amejiandaa kubeba kosa lake kimya hadi kaburini, na hata alikuwa ameanza kuona kubeba huko ni aina ya toba. Hakuwa amefikiri kwamba litapata mtu mwingine wa kulibeba. Na huyu mtu alikuwa amelala na mrija wa hewa puani, hawezi kujibu. Angeweza kunyamaza tu, basi. Mkataba wa Gires ungebaki. Mwanawe angeendelea kumpenda. Aliviona vyote viwili pale mlangoni, karibu kabisa, kama vitu vya dukani nyuma ya kioo.

Akaiweka sahani chini.

"Gires. Vaileth alikuwa nao. Ile siku."

Kisha kitanda kikalia, na sauti yake ikaja karibu, chini, kama aliyekaa sakafuni.

"Alikuambia lini?"

"Jumanne."

"Jaspreet alikupigia lini?"

"Jumatano."

Alisikia kichwa cha mtoto kikigonga mlango, polepole, mara moja. Alijieleza. Alisema alifanya kwa ajili yake, alisema kuhusu mkataba, alisema kipimo kilikuwa safi. Alijisikia akisema maneno hayo na kila moja lilikuwa kweli na halikusaidia kitu. Mwisho akamwuliza afanye nini, na ndani ya moyo wake, wamama, alikuwa akingoja aambiwe waache tu.

"Mpigie," Gires alisema. "Wewe. Siyo mimi nikutengenezee Kiingereza. Wewe."

Alimpigia Jaspreet. Kiingereza chake kilikatika katika lakini kilitosha. Jaspreet hakumfokea. Aliuliza siku, aliuliza nani, aliuliza walikaa muda gani chini ya blanketi, na kabla ya kukata alivuta pumzi, akasema alitamani angeyajua haya ile Jumatano. Hilo tu. Kesho yake Gires aliitwa kwenye mkutano wa simu, na kabla chai yake haijapoa hakuwa tena mchezaji wa Herons. Alikuwa amekubali mbele yao kwamba aliingia chini ya blanketi kwa miguu yake mwenyewe. Hakumtupia mama yake lawama. Euphrasie alisikia kila neno, na angependa zaidi kama angemtupia.

Zile sahani za mlangoni Gires alizipokea na kula, na alizirudisha zimeoshwa.

Kifungo chao kilipokwisha, Gires alivaa koti, akamwambia mama yake avae lake. Chaman ametoka hospitali. Walipanda basi hadi Neasden, kila mmoja kiti chake. Njia nzima Euphrasie alikuwa akipanga maneno ya kuomba msamaha, ya Kiswahili kizuri, kile cha kanisani.

Hawakuingia ndani. Walisimama kando ya njia, na Bhanu akafungua dirisha la chini. Hakuwasalimia. Chaman alikuwa kwenye kiti nyuma yake, amekuwa mdogo, shati limemzidi. Euphrasie alianza maneno yake na mzee akainua mkono.

"Mama Gires, ngoja, mimi sina pumzi ya kusikiliza mengi." Alipumzika. "Timu wamenipigia. Wamesema si mimi. Sawa. Lakini kule jikoni hakuna aliyewaambia. Bhanu amekatazwa kuingia. Watu wanavuka barabara wakimwona. Yeye ndiye nataka umsaidie. Nenda uwaambie."

"Niwaambie nini, mzee?"

"Si unajua mwenyewe."

Alifumba macho, na Bhanu akafunga dirisha.

Jiko lenyewe lilikuwa ukumbi mdogo mwisho wa mtaa ule. Watu walikuwa kwenye mstari nje, wameachana hatua kubwa, kila mtu na chombo chake. Mlangoni alisimama mzee wa Kisikh, Jaswinder, anayegawa chakula kwa upawa mrefu. Gires hakuvuka. Alibaki ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni. Tangu ana miaka saba yeye ndiye aliyemsemea mama yake kwa daktari, benki, kila dirisha la London, na Euphrasie alimtazama akidhani labda atakuja. Hakuja.

Akapita kando ya mstari hadi mlangoni. Jaswinder alimnyooshea mkono kumwonyesha mwisho wa mstari. Akasema hakuja kwa chakula. Akasema kuhusu Bhanu, na kuhusu mume wake, na kuhusu nyumba yake mwenyewe kule Kilburn. Alisema chini, ndani ya barakoa, akitazama sufuria.

Jaswinder aliinama, akaweka mkono sikioni. Alimwomba aseme tena, kwa nguvu, hakusikia kitu.

Watu wa mbele kwenye mstari walikuwa wamegeuka. Euphrasie akashusha pumzi, akaanza upya, kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliye mbali, na safari hii hata yule wa ng'ambo ya barabara alisikia.